Mwalimu Aliyepokea Simu Zetu

Mikono yake haikujua kutulia. Tukiwa kwenye foleni ya benki, tukiwa msibani, tukiwa tumekaa tunamngoja mchungaji amalize matangazo, mikono ya mwalimu wetu wa kwaya ilikuwa kazini: inapiga mdundo kwenye paja, inawaita alto, inawatuliza besi. Wasiomjua walidhani anawapungia, wakampungia nao. Nilimfahamu kwa miaka mingi pale Ilomba, jijini Mbeya, nikiwa mmoja wa waimbaji wake, na sikumbuki kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa kwenye kiti. Alikunywa nusu amekaa na nusu amesimama mlangoni, macho barabarani, kama mtu anayengoja gari lililochelewa.

Majina yetu hakuyatumia. Alituita kwa sauti zetu. Mimi nilikuwa Besi, na hata siku aliyokuja nyumbani kunipa pole nilipofiwa na baba, alimwuliza mke wangu, "Besi yupo?" Mke wangu alicheka katikati ya msiba, akaona aibu, akacheka tena. Mwalimu alikaa nasi kidogo sana siku ile. Kabla hajamaliza kusema pole alishasimama, akaenda kuwasaidia vijana kufunga turubai, akalifunga vibaya, akalifungua, akalifunga upya. Jioni nilimkuta nyuma ya choo cha jirani, peke yake, anavuta sigara huku analia. Nilimwomba moto, nikawasha ya kwangu, tukavuta wote wawili tukiangalia ukuta.

Hakuwahi kununua pakiti. Alinunua sigara moja moja kwenye kibanda kilichokuwa karibu na kanisa, kwa sababu, alivyosema, mwenye pakiti mfukoni ni mvutaji, lakini mwenye sigara moja ni mtu aliyepitiwa tu. Basi alipitiwa asubuhi, akapitiwa mchana, akapitiwa kabla ya mazoezi na baada ya mazoezi. Alitafuna pipi za kifua na maganda ya machungwa ili asinuke, na kanisa zima lilijua kwamba mwalimu akinuka chungwa ametoka kuvuta. Mchungaji naye alijua. Kwetu sigara si jambo la kumsifia mtu, na mtu mwingine angeshaitwa na wazee wa kanisa. Lakini kwaya yetu ilikuwa ikienda kwenye mashindano ya jimbo inarudi na ushindi, kwa hiyo wazee wakaamua pua zao hazisikii harufu.

Na mtu huyohuyo ndiye aliyetufundisha kupumua. Mwimbaji mpya hakuruhusiwa kutoa sauti kabla ya kulala chali sakafuni, kitabu cha nyimbo kikiwa tumboni, na kukiinua kwa pumzi peke yake. Mwalimu alizunguka katikati yetu tulivyolala, akiruka miguu ya watu, akisema kwamba wimbo nusu yake ni pumzi na nusu yake ni kujua wapi pa kunyamaza. Kisha alitupa mapumziko, akatoka nje kupitiwa.

Alikuwa mkali na mpole kwa namna ambayo huwezi kuipanga. Mwimbaji akichelewa mazoezi alimfungia nje, wakati yeye mwenyewe alichelewa karibu kila mara na tukamngoja kwenye baridi ile ya Mbeya ya mwezi wa sita tukiwa tumejifunika vitenge na makoti. Aliwakaripia sauti ya kwanza mpaka mmoja akatoka analia, halafu kesho yake akaenda nyumbani kwa yule dada, akasimama mlangoni, akakataa kuingia, akasema, "Ulikuwa sawa. Mimi ndiye niliyesikia vibaya." Kuomba radhi aliweza. Kuomba msaada hakuweza kabisa. Alibeba spika mwenyewe. Alisukuma pikipiki yake iliyoharibika kutoka Uyole mpaka Ilomba, mvua inanyesha, na simu mfukoni ina namba za watu zaidi ya hamsini ambao wangekuja mbio.

Kilichombadilisha kilitokea studio. Tulikuwa tunarekodi nyimbo zetu kwenye chumba kidogo huko Mwanjelwa, kuta zimefunikwa magodoro, joto limetubana. Tulirudia wimbo mmoja tangu asubuhi kwa sababu fundi mitambo alisikia mluzi. Kila ubeti ukiisha, pale ambapo mwalimu alitufundisha kunyamaza wote kwa pamoja, mluzi mwembamba ulisikika, unapanda na kushuka. Fundi akabadilisha waya. Akabadilisha maikrofoni. Mimi kazi yangu ni kufunga umeme majumbani, kwa hiyo nikaitwa kukagua soketi, nikakagua, sikuona kosa. Tukaimba tena na mluzi ukawepo tena. Mwishowe fundi akaongeza sauti ya kile kipande cha kimya peke yake, akatusikilizisha, kisha akavua hedifoni polepole. Alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo mwalimu," alisema, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. "Naomba unisamehe. Huu siyo mtambo. Hiki ni kifua chako."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aliomba asikilize tena, akasikiliza, mikono ikiwa imening'inia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoiona imelala. Kisha akatoka nje, na tukarekodi ule wimbo bila yeye kuwepo chumbani, ukatoka safi.

Jumatano iliyofuata, baada ya mazoezi, alinizuia mlangoni. Ndani ya chumba tunachotunzia majoho alikuwepo tayari Mama Sofi, alto wetu mkongwe, mama wa Kinyakyusa ambaye kila mtu alimheshimu na ambaye alikuwa ananusa ugoro kutoka kwenye kichupa alichokificha kwenye sidiria. Alidhani hakuna anayejua. Alikuwepo pia mtu nisiyemjua, mrefu, amevaa kofia pana na makubazi, na koti zito la kijeshi. Mwalimu akatuambia huyo ni Masanja wa Igawa, Msukuma aliyehamia bonde la Usangu na ng'ombe wake, ambaye humletea mchele, na ambaye anavuta kuliko sisi wote. Masanja hakuwa mwimbaji, wala hakuwa wa kanisa letu. Alikuja Mbeya kila wiki kwa shughuli zake, na mwalimu alipomwambia kwamba anataka tuache tumbaku kwa pamoja, akaona ajiunge.

Mama Sofi alisema yeye amekosewa, maana yeye hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Mwalimu akamjibu kwamba kiu ni ileile, mama, mlango tu ndio tofauti. Mama Sofi akatoa kile kichupa, akakiweka juu ya meza ya kupigia pasi.

Hatukujua tunafanya nini. Tulienda kwa nesi mmoja wa zahanati, akatupokea vizuri, akatueleza kwamba tutakuwa na hasira, tutakosa usingizi, tutakula sana, na kwamba hamu inapokuja inapanda kama maziwa jikoni lakini ukiweza kuivumilia dakika chache inashuka yenyewe. Akasema anayeacha na wenzake hushinda kuliko anayejifungia peke yake. Mwalimu alimsikiliza amesimama, akashukuru, na njiani kurudi akatunga sheria yetu. Ukishikwa na hamu unampigia mwenzako kabla hujawasha, siyo baada. Unayepigiwa hutoi mahubiri. Huulizi kwa nini. Unamwongelesha mwenzako jambo lingine lolote, au unamfanya yeye akuongeleshe, mpaka maziwa yashuke.

Mara ya kwanza kupiga nilikuwa juu ya dari ya nyumba inayojengwa kule Sae. Mafundi rangi walikuwa wanavuta chini, moshi unapanda moja kwa moja puani mwangu. Niliweka koleo chini. Nilimpigia mwalimu. Akapokea hapohapo, akasikia jinsi ninavyohema, akasema, "Besi, nieleze ile swichi ya ngazi inavyofanya kazi. Ile unayowasha ukiwa chini na kuzima ukiwa juu. Nimejiuliza miaka yote." Nikaanza kumweleza. Akauliza swali la kijinga, nikakasirika, nikamweleza upya, waya huu unatoka huku, huu unarudi kule. Nilipomaliza, mafundi rangi walishatupa vipisi vyao na mimi sikuwa nimeona. Mwalimu akasema asante, ameelewa, akakata. Najua hakuelewa kitu.

Tukawa hivyo. Masanja alinipigia kutoka mnadani nikamsimulia mechi ya mpira ambayo hakuijali hata kidogo. Mama Sofi ukimpigia alikusomea mashtaka ya kuku wa jirani wanaoharibu bustani yake ya mboga, na ukimaliza kumsikiliza unakuwa unawachukia wale kuku kuliko unavyoitaka sigara. Masanja yeye alisimulia ng'ombe. Alisema kila ng'ombe ana tabia yake na akakueleza tabia hizo mmoja mmoja, taratibu, kwa ile lafudhi yake, mpaka moyo unapoa.

Mwalimu alikataza kuhesabu. Masanja alipokuja siku moja anajigamba kwamba ana miezi kadhaa hajagusa sigara, mwalimu alimwambia asihesabu kama mfungwa, kwani nani kamfunga? Na Mama Sofi alipoteleza, akanusa ugoro wiki nzima wakati wa msiba wa dada yake, akaja kwetu macho chini, mwalimu hakumwachia nafasi ya kujieleza. Alimwuliza tu, "Leo je?" Mama Sofi akasema leo bado. "Basi tuanzie hapo," akasema, na akabadilisha mazungumzo. Mimi mwenyewe niliteleza. Masanja aliteleza. Kwetu sisi alikuwa na huruma isiyoisha.

Yeye mwenyewe siku hizo alikuwa hakai. Mazoezi yalichosha. Alibadilisha wimbo katikati, akarudi mwanzo, akafuta, akatupa chaki. Alipiga teke stendi ya kinanda ikavunjika, na akaifunga mwenyewe kwa waya mbele yetu huku anasema twendelee, twendelee. Jumatano alikataa tukae kwenye chumba cha majoho, akasema tutembee. Tulitembea kutoka Ilomba kuelekea Soweto na kurudi, Mama Sofi akilalamika magoti, Masanja na makubazi yake, mwalimu mbele, akigeuka kila mara kuangalia kama tumebaki nyuma na kila mara akikuta tumebaki nyuma. Tuliamini kwamba ni kuacha kunakomtesa. Nesi si alishatuambia tutakuwa hivyo?

Kitu kimoja hatukukiona kwa muda mrefu, na sasa nikikumbuka naona kilikuwa wazi mno. Yeye hakuwahi kumpigia mtu. Simu zote zilikwenda kwake. Hakuna hata moja iliyotoka kwake.

Aliyeliona ni Masanja. Tulikuwa tumesimama nje ya kanisa, wiki ya Pasaka imepita, tamasha letu limefana na watu wamesimama wakapiga makofi. Masanja akauliza tu, kwa udadisi, kwamba mwalimu yeye akishikwa humpigia nani. Mama Sofi akasema labda Besi. Nikasema si mimi, nilidhani ni wewe. Tukamgeukia mwalimu. Alikuwa ananuka chungwa. Nadhani alikuwa akinuka chungwa siku zote hizo, na sisi kwa kutopenda kujua tulikuwa kama wale wazee wa kanisa.

Hakutuficha. Alisema hajawahi kuacha. Alijaribu siku za mwanzo, akashindwa, akaona aibu kusema, na simu zetu zikaanza kuja. Kisha akaniangalia mimi. "Ile siku uko juu ya dari, Besi, unanieleza swichi. Nilikuwa na sigara mkononi, inawaka."

Nilikasirika. Nilihisi kama mtu aliyevushwa mto na kuambiwa ng'ambo kwamba aliyemshika mkono alikuwa anazama. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii, mengi yakiwa ya kweli. Masanja alikuwa ameinamisha kichwa. Mama Sofi ndiye aliyesema kitu cha maana, na alikisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayepanga zamu za usafi.

"Ulimsaidia mwenzako na wewe umeshika moto. Sawa. Sasa leo ni zamu yako kusaidiwa. Kaa hapo chini."

Kulikuwa na benchi. Alilitazama lile benchi. Nilidhani atakaa, alikuwa ameshaanza kukunja goti. Kisha akasema hapana, mama, nyinyi endeleeni vizuri, akawasha pikipiki na kuondoka. Mwezi huo aliacha kwaya. Alimkabidhi mwalimu mwingine funguo za chumba cha majoho, na tukasikia kwamba amekwenda Iringa, kwa binti yake anayefundisha shule huko karibu na Tosamaganga.

Hakupokea simu. Tulipiga kumsalimia, kumwombea, kumwambia tumemsamehe, na kila mmoja wetu aliishia kusikiliza ile sauti ya mwanamke wa mtandao. Binti yake ndiye aliyetupa habari: baba alilazwa kwa sababu ya kifua, ametoka, daktari amemkataza kabisa, na anavuta nyuma ya nyumba akidhani watoto hawamwoni. Alisema pia baba yake hakai ndani. Anatembea uani kutwa, asubuhi hadi jua linazama, mpaka majani yamekufa ikatokea njia.

Sisi watatu tuliendelea kukutana, bila moyo sana. Tulikaa kwenye chumba cha majoho tukatazamana. Masanja ndiye aliyekuja na wazo, na nilijua limetoka kwenye tabia za ng'ombe wake. Alisema mtu yule ukimfuata anakimbia, lakini ukilia anageuka. Tusimpigie kumsaidia. Tumpigie kuomba msaada.

Mama Sofi alitaka nipige palepale nijifanye nimeshikwa. Nilikataa. Nilisema sidanganyi kwenye jambo hili, maana kama sheria yetu ina thamani yoyote ni kwa sababu anayepiga anapiga kweli. Nikasema nitangoja hamu ya kweli. Wakaniona mkaidi. Lakini haikuchelewa. Wiki hiyohiyo tajiri mmoja alinikosea adabu mbele ya vijana wangu, akaniita mwizi wa nyaya, nikashuka pale kazini kichwa kinapiga, na miguu ikanipeleka yenyewe dukani. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono. Nikaurudisha mkono, nikatoa simu.

Iliita mara ya pili tu, akapokea.

"Besi. Uko wapi?"

Nikamwambia niko dukani, nimesimama mbele ya sigara. Hakuuliza kwa nini. Alikohoa, akangoja kikohozi kiishe, akaniambia nimweleze tena ile swichi kwa sababu ameshaisahau. Nikamweleza. Nilisikia miguu yake ikisaga changarawe, anakwenda na kurudi, na pumzi yake ikipiga mluzi uleule. Hamu yangu iliposhuka sikukata. Nilimwuliza mkononi ana nini. Akasema ana sigara, lakini hajaiwasha bado, simu imemkuta anatafuta kiberiti. Basi nikamwambia na yeye anieleze kitu, chochote. Akasema hana cha kueleza. Nikamwambia anieleze kwa nini wale wa sauti ya tatu wanaingia kabla ya besi kwenye wimbo wa Pasaka, kwani mimi miaka yote nimeona ni uonevu.

Alinieleza. Aliimba kidogo ili nielewe, akakwama pumzi, akaimba tena. Nilimsikia amesimama. Changarawe zilinyamaza. Mwisho akasema kiberiti amekiona, kipo dirishani, na kwamba anaingia ndani kunywa maji. Kama alivuta baadaye sijui. Sikuuliza.

Baada ya hapo alipokea simu zetu wote, ila bado hakupiga hata moja. Tukaamua kwenda. Mimi na Mama Sofi tulitoka Mbeya kwa basi mpaka Igawa, Masanja akatuchukua hapo kwa pikapu yake, na tukapanda Nyanda za Juu kupitia Makambako na Mafinga, baridi ikiongezeka, Mama Sofi katikati yetu na mfuko wa ndizi za Tukuyu magotini. Alikuwa amekataa kuuweka nyuma.

Tulimkuta amekonda. Koti lilimning'inia. Alikuwa uani kwenye njia yake, na alipotuona mikono ilipanda kama anataka kutuanzisha wimbo, kisha ikashuka. Binti yake alitukaribisha kwa heshima, kwa salamu ya Kihehe, kamwene, kamwene, karibuni ndani. Tulikaa. Mwalimu hakukaa. Alituuliza habari za kwaya, akauliza tena alichokwishauliza, akafungua dirisha, akalifunga. Mama Sofi alimmenyea ndizi akaila akiwa amesimama. Masanja alianza habari ya fahali mmoja aliyekataa kuvuka daraja, habari ndefu, na katikati yake mwalimu akasema anarudi sasa hivi. Akatoka.

Tulitazamana. Binti yake akasema kwa sauti ndogo kwamba kibanda kipo chini ya kilima, na kwamba huwa anakwenda saa kama hizi. Masanja akaniashiria kwa kidevu. Nikatoka.

Nilimfikia kwenye mteremko. Hakugeuka, ila alijua ni mimi. Tuliteremka pamoja. Kibanda kilikuwa cha mama mmoja wa makamo aliyejifunga mtandio, anauza sabuni, nyanya na sigara. Alipomwona mwalimu kwa mbali, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye boksi, akatoa sigara moja, akaiweka juu ya ubao. Mwalimu alipita. Alipita kama hakukiona kibanda, mimi nyuma yake, tukaenda mpaka kwenye miti ya mikaratusi. Hapo akageuka. Tukarudi, tukapita tena, yule mama akitufuata kwa macho na sigara bado ipo pale. Tukaenda upande wa pili. Jasho lilimtoka kwenye baridi ile. Kifua kilikuwa kinalia kiasi kwamba nilitaka kumshika mkono, na nikajizuia.

"Niongeleshe," alisema.

Nilikuwa sijawahi kumsikia akiomba kitu. Swichi ilinitoka kichwani, mpira ulinitoka, kila kitu. Nikamwambia ukweli uliokuwepo, kwamba sina la kusema, mwalimu, nimeogopa, ila sitakuacha. Akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba nimesema habari ndefu. Tukageuka tena kuelekea kibandani.

Safari hii alisimama. Yule mama alimsalimu, akamsogezea sigara kwa kidole. Mwalimu aliitazama. Mikono yake yote miwili ilikuwa mfukoni, na nikaona kitambaa cha koti kinavyosogea kwa jinsi vidole vinavyohangaika huko ndani.

"Mama," alisema, "huyu ni rafiki yangu, ametoka Mbeya. Nakuomba mbele yake. Kuanzia leo nikija hapa kutaka hii, usiniuzie."

Yule mama alimtazama, akanitazama mimi, akafikiri. "Na ukija na hasira, baba?"

"Nitakuja na hasira. Usiniuzie."

"Ukinitukana?"

"Nitakutukana, na kesho nitakuja kukuomba radhi. Ila usiniuzie. Nisaidie."

Alilisema neno hilo la mwisho kwa shida, na kulirudia, kama mwimbaji mpya anayejaribu noti asiyoiamini. Yule mama akaichukua sigara, akairudisha kwenye boksi, akalisukuma boksi chini kabisa, nyuma ya sabuni, mahali ambapo mtu aliyesimama mbele haoni. Akasema amesikia. Nilitaka kumshukuru kwa niaba yetu sote, nikaanza kutafuta maneno yanayofaa, lakini mwalimu alikuwa ameshageuka na kuanza kupanda kilima, na ilinibidi nikimbie.